Ruta ya Dirishani

Mimi nina hasira za karibu. Sijivunii, lakini sitazificha, kwa sababu ile ruta iliyotuletea mambo niliinunua kwa hasira, mchana kweupe, na akili zangu timamu.

Nilikuwa muuguzi katika hospitali moja ndogo hapa Eastlands, na nilikuwa nimepata nafasi ya kwenda kufanya kazi ng'ambo. Wakala alishapokea vyeti vyangu vyote. Kilibaki kitu kimoja tu: mtihani wa Kiingereza. Unaufanyia nyumbani kwa laptopu, na msimamizi anakutazama kwa kamera kutoka nchi usiyoijua. Jaribio la kwanza lilikufa katikati. Nilikuwa kwenye sehemu ya kusikiliza, sauti ikakatika, skrini ikaganda. Nikainuka kwenda kutikisa nyaya. Niliporudi nikakuta nimeandikiwa kwamba nimeondoka kitini, mtihani umefutwa. Wakala akanipigia kesho yake, hakuzungusha maneno.

"Sista, imebaki mara moja. Orodha inafungwa mwisho wa mwezi. Ukikosa hii, jina lako linatoka na anaingia mwingine."

Nilijua mchawi ni nani. Nyumba yetu ya Kaloleni ni zile za zamani za kaunsili: sebule, chumba kimoja cha kulala, kuta za mawe nene ajabu. Huko nyuma tulikuwa tumeongeza chumba cha mabati ambamo watoto hulala na kusomea. Ruta tuliyopewa na wale wanaosambaza waya wa mtandao mtaani ilikaa sebuleni, juu ya kabati, na ilikuwa imebeba nyumba nzima. Binti yangu wa sekondari na masomo yake. Mapacha na katuni zao. Mume wangu na mpira. Baba mkwe wangu na mazishi.

Ndiyo, mazishi. Kwetu magharibi mwa nchi siku hizi mtu hazikwi bila kamera, na walio mbali wanafuatilia kwa simu. Mzee hakukosa hata moja. Alikaa kwenye kochi, simu karibu imguse pua, sauti juu kabisa, akikagua nani amefika na nani amejificha. "Huyu naye alikuwa anadai ni mgonjwa," angesema. "Tazama anavyopiga wali." Nilimpenda sana yule mzee, lakini siku nyingine nilitamani watu wa kwetu waache kufa japo wiki moja.

Alikuwa amekuja kwa ajili ya kliniki ya presha, miezi miwili sasa. Na nyumba yenyewe ilikuwa yake. Alipokuwa akifanya kazi reli ndimo alimoishi, na watoto wake wote walikulia humo. Alipostaafu alirudi nyumbani na kumwachia mwanawe. Sasa alilala sebuleni kwenye kochi, na chumba kile alicholala miaka yote ya ujana wake hakuweza hata kukitazama. Kwetu baba mkwe haingii chumba cha mke wa mwanawe. Si suala la kuulizana. Akipita kwenda msalani aligeuza uso upande wa ukuta. Akitaka blanketi lililo chumbani alimtuma mtoto, na kama hakuna mtoto alivumilia baridi. Mimi nami sikuwahi kutaja chumba kile mbele yake, hata kwa kupitia.

Basi nikaenda mjini, mtaa wa Luthuli penye vibanda vya vifaa vya umeme, kutafuta ruta nafuu ya nyumba yenye watu wengi. Kibanda cha kwanza kilikuwa cha mwanamke wa rika langu, miwani kaipandisha kichwani. Badala ya kunionyesha bidhaa akaanza kunihoji.

"Nyumba ni ya mawe ama ya mabati?"

"Ya mawe. Kwani unataka kuinunua?"

Hakucheka. "Mko wangapi? Ruta unaiweka wapi? Hiyo kazi yako utaifanyia chumba gani?"

Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, miguu imevimba, na huyu ananiuliza maswali ya polisi. Nikamweleza kuhusu mtihani, kwa mkato. Akavuta kisanduku kidogo cheusi chenye sura ya kizee, antena mbili tu, akanitajia bei. "Chukua hii. Halafu ununue waya mrefu, siku ya mtihani uchomeke moja kwa moja kwa laptopu. Jambo zito kama hilo usiliachie hewa."

"Dada, nimekuja kununua kitu kisicho na waya, wewe unaniuzia waya?"

"Nakwambia kitakachokusaidia."

"Nimeonekana mshamba, sivyo? Sawa. Kaa na waya wako."

Nikatoka. Mlango wa pili tu kulikuwa na mwanamume mwenye ndevu nadhifu na maneno ya asali. "Karibu, madam! Niko na kitu yako hapa." Akaweka mbele yangu ruta nyeupe yenye antena nne zimesimama wima, taa za buluu. "Hii itafika mpaka kwa jirani. Watu ishirini, haisikii." Na bei ilikuwa chini ya ile ya yule mwanamke! Sikuuliza chochote. Nililipa, nikapita mbele ya kibanda cha yule dada nikiwa nimeinua mfuko juujuu ili auone. Hasira hasara, walisema wahenga, na siku hiyo mimi niliwasaidia kuthibitisha.

Nyumbani ikaonekana wazi kwamba kwa jirani haifiki. Haikufika hata chumba cha mabati, na huko ndiko nilikotakiwa kufanyia mtihani, kwa sababu ndiko penye meza na mlango wa kufungika. Chumba chetu cha kulala kimejaa kitanda, meza haiingii. Fundi wa mtandao alipokuja akagonga ukuta kwa kiganja akatikisa kichwa. Mwishowe akapitisha waya nje, akauingiza kwa dirisha la chumba chetu cha kulala, na ruta tukaiketisha hapo dirishani. Dirisha hilo linatazamana na dirisha la chumba cha mabati, katikati hapo mtu hupita kwa ubavu. Mtandao ukajaa hadi juu. Nikapiga vigelegele. Tena nikafurahi zaidi kwamba nikifunga mlango wa chumba hakuna mtoto wa kuichezea.

Siku ya tatu ikaganda. Taa zinawaka zote, lakini hakuna kinachopita. Ukiishika ni ya moto kama chapati. Binti yangu akagundua dawa: unazima, unahesabu hadi kumi, unawasha, inarudi. Kabla ya siku ya mtihani ilikuwa imefanya hivyo mara mbili.

"Irudishe," mume wangu akasema.

"Nirudi Luthuli nipite mbele ya yule mwanamke?"

"Kwani yeye ndiye atafanya mtihani?"

Nilimjibu vibaya, sitarudia hapa. Tukakubaliana kwamba siku hiyo yeye atabaki nyumbani, akae chumbani kando ya ruta, na ikiganda azime na kuwasha. Watoto wangekuwa shuleni. Mpango ulikuwa mzuri.

Asubuhi yenyewe simu yake ikalia kabla hajamaliza chai. Yeye ni kibarua kwenye ghala moja Industrial Area, na msimamizi wao ni mtu wa neno moja: lori limeingia, asiyekuja leo asije tena. Mume wangu akanitazama. Mimi nikatazama ukuta.

"Nenda," nikasema.

"Mama Watoto, nitarudi kabla ya saa nne. Haki ya Mungu."

"Nimesema nenda!"

Saa nne kasoro robo, robo saa kabla ya mtihani, hajafika. Simu yake haipatikani, maana getini huzichukua. Jirani yangu wa karibu alikuwa sokoni. Nyumba nzima tulibaki watu wawili, mimi na mzee. Nilimweleza kwamba kwa saa mbili asiruhusu mtu kubisha, asijibu muuza mboga, na simu aizime sauti.

"Kuna mazishi saa tano," akasema.

"Baba, tafadhali."

Akacheka. "Leo wafu wapumzike. Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie."

Nikasimama pale nikitaka kumwambia habari ya ruta. Ningeanzaje? Baba, ikiganda, ingia chumbani kwangu? Nikamwekea kiti mlangoni, nikaacha simu yangu juu ya kabati kama sheria za mtihani zilivyotaka, nikaenda kujifungia kwenye mabati.

Msimamizi alikuwa sauti ya kike, yenye adabu na baridi. Akaniamuru nizungushe laptopu aone kuta nne, chini ya meza, nyuma ya mlango. Akanikumbusha: usiondoke kitini, macho kwenye skrini, mtu asiingie. Mtandao ukikatika kuna dakika tano za kurudi, zikipita mtihani unajifunga. Nikasema ndiyo, ndiyo, ndiyo. Mgongo ulikuwa umelowa jasho, na mabati hayajaanza hata kupata joto.

Kusikiliza kukapita vizuri. Kusoma kukapita. Kuandika nikamaliza mapema nikahariri hadi koma. Nikaanza hata kujiona nimevaa koti zito kwenye baridi ya huko. Ikabaki sehemu ya kuongea. Swali la kwanza nikajibu. La pili likaanza, mama mtahini aliyetokea kwenye skrini akafungua mdomo, na mdomo ukabaki wazi hivyo hivyo.

Skrini ikageuka kijivu. Mtihani umesimamishwa. Tunajaribu kuunganisha. Chini yake namba zikaanza kurudi nyuma kutoka dakika tano.

Nilijiambia itarudi yenyewe. Nne na nusu. Kamera ilikuwa bado inawaka taa yake ndogo, kumaanisha inarekodi, na nikisimama wataona nilisimama. Hiyo ndiyo iliyoniua mara ya kwanza. Dakika nne. Nilisikiliza kama lango letu litalia, kama mume wangu ndiye yule anayekohoa barabarani. Hakuwa yeye. Tatu na nusu. Nikawaza mwanamke mwingine, muuguzi kama mimi, akipigiwa simu kuambiwa nafasi imepatikana.

Nikapaza sauti, macho yangu kwenye skrini.

"Baba!"

"Naam!"

"Mtandao umekatika. Kile kisanduku chenye taa kimeganda. Lazima kizimwe, uhesabu hadi kumi, kiwashwe."

"Kiko wapi?"

Mungu wangu. Nikafunga macho, nikakumbuka sitakiwi kufunga macho, nikayafungua.

"Kiko chumbani, Baba. Chumbani kwetu. Dirishani."

Nilisikia kuku wa jirani, na redio ya mtu mbali. Dakika tatu.

"Mwanangu bado hajafika?"

"Bado, Baba."

"Huko nje hakuna mtoto wa mtu?"

"Hakuna muda wa kutafuta. Baba, nakuomba. Ni hii tu imebaki."

Mbili na nusu. Nilimjua yule mzee. Mtu aliyelala na baridi kwa sababu blanketi lilikuwa upande usiofaa wa mlango. Nikaanza kulia bila kufuta machozi, mikono yangu juu ya meza inapoonekana. Kisha nikasikia kiti kikisukumwa. Nikasikia viatu vikivuliwa, kimoja, kingine. Nikasikia mlango wa chumba chetu.

Ndipo nikakumbuka kamba.

Nguo za ndani hatuaniki nje, ni aibu tena zinaibwa. Mimi hufunga kamba ndani, kutoka ukutani hadi kwenye nondo ya dirisha. Usiku ule nilikuwa nimefua zote, zangu zote, na zilikuwa zimening'inia pale dirishani mbele ya ruta. Hangeweza kuifikia bila kuzisukuma kwa mkono wake. Nilitaka ardhi inimeze. Nilitaka kupiga kelele, Baba acha, rudi! Mdomo ukakataa. Sitadanganya kwamba ni hofu iliyonizuia. Nilitaka awashe.

Sikugeuka. Alikuwa hapo ng'ambo ya dirisha, ningeweza kumgusa kama ningenyoosha mkono, na mimi macho kwenye skrini. Nilimsikia akipumua. Nilimsikia akisita. Kamba ikalia kidogo. Halafu swichi, ta! Akaanza kuhesabu, kwa sauti, kwa lugha ya kwetu, polepole, jinsi mtu anavyomhesabia mtoto. Kila namba ilinipiga. Saba ikanichelewea nikadhani amesahau. Nane. Tisa. Kumi. Ta!

Dakika moja na sekunde chache. Ruta ile huchukua muda kuamka. Mlango wa chumba ukafungwa taratibu. Sekunde arobaini. Thelathini. Nikamwita Mungu kwa majina yote ninayoyajua. Kumi na tisa, na sura ya yule mama ikarudi, mdomo ukafungika.

"Unanisikia?" akauliza. "Tuendelee. Nieleze kuhusu safari uliyoifurahia."

Nikaeleza safari. Hadi leo sijui nilisema nini.

Nilipotoka, kiti cha mlangoni kilikuwa kitupu. Mzee alikuwa nje kabisa, kwenye jiwe karibu na mfereji, amevaa kofia na koti. Begi lake lilikuwa miguuni. Hakuniangalia usoni.

"Ilishika?"

"Ilishika, Baba."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Vizuri. Mwanangu akija anipeleke stendi. Mimi siwezi kulala tena katika nyumba hii."

"Na kliniki, Baba? Ni Jumanne!"

"Kuna zahanati nyumbani."

Mume wangu aliingia saa saba, anahema, shati limeshika mwili. Akaona begi, akaniona nimesimama mbali na baba yake, akaelewa nusu. Nusu ya pili mzee alimweleza kwa lugha ya kwetu, kwa maneno machache, na mume wangu akashika kichwa. Akanigeukia na uso ambao sikuwahi kuuona kwa miaka yote tuliyoishi.

"Ulimtuma baba yangu wapi?"

"Mwache," mzee akasema. "Alinituma, nikaenda. Ningetaka ningesema sijui kuzima. Najua kuzima."

Nikapiga magoti pale kwenye mchanga, majirani wakitazama, wacha watazame. "Baba, naomba unisamehe."

Akanyanyua kiganja.

"Usiniombe leo. Ukifaulu, uniombe, nitakusikia. Ukianguka usiniombe kitu, kwa sababu nitakuwa nimeingia mle bure."

Akaenda. Mume wangu aliporudi kutoka stendi alipitiliza kitandani. Kesho yake alinunua waya mrefu, akauvuta kutoka sebuleni, akaupitisha chini ya paa hadi kwenye meza ya watoto. Ilimchukua chini ya saa moja. Ruta akairudisha juu ya kabati na ile kamba yangu akaikata. Kwa siku tisa tuliongea habari za chumvi na karo tu, na mimi sikumlaumu. Ni mimi niliyechagua ile ruta. Wakati wa kuchagua niliulizwa maswali yote ya maana na mtu anayejua kazi yake, nikamwona ananidharau.

Majibu yalikuja kwa barua pepe nikiwa zamu. Nilifungua kwenye korido ya wodi, nikasoma mara tatu, nikahesabu sehemu zote nne. Sikumpigia mume wangu kwanza. Nilimpigia mzee. Ililia hadi karibu kukatika.

"Baba, nimefaulu."

Nilisikia pumzi yake.

"Zote?"

"Zote, Baba."

"Hata ile ya kuongea?"

"Hata hiyo."

Mgonjwa mmoja alipita na dripu yake akaniangalia, nikampisha.

"Basi," mzee akasema. "Sasa niombe."

Nikapiga magoti kwenye saruji, nikiwa ndani ya sare yangu nyeupe, simu sikioni, nikamwomba.